Siri ya Mwananchi ni Amana

Ni vigumu siku hizi kupata mwalo katika visiwa vya Wilaya ya Muleba, tangu Bumbire na Kerebe hadi Goziba, Ikuza na Mazinga, ambao haujafikiwa na simu ya mkononi. Jambo hilo ni la heri. Mvuvi anayemuuzia dagaa mfanyabiashara wa Bukoba halazimiki tena kuvuka ziwa akiwa na mafungu ya noti kiunoni, roho juu kwa hofu ya maharamia. Mkewe aliyebaki Nshamba au Kamachumu hupokea fedha za matumizi siku ile ile. Mzazi hulipa michango ya shule, mgonjwa huulizia mganga, na kijana husoma habari za ulimwengu akiwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa ufukweni. Hizo ni neema ambazo wazee wetu hawakuziota.

Lakini pamoja na neema hizo limekuja jambo ambalo bado halijajadiliwa ipasavyo katika mikutano ya vijiji wala katika vikao vya halmashauri zetu. Simu ile ile iliyo benki ya mvuvi ndiyo pia kitambulisho chake, daftari lake la madeni, sanduku lake la barua na mahali anapoweka picha za watoto wake. Mwizi akipata njia ya kuingia humo hana haja tena ya kuvunja nyumba. Zaidi ya hayo, habari za mwananchi hazimo katika simu yake tu. Zimo katika kumbukumbu za kampuni iliyomsajilia laini, za wakala anayemtolea fedha, za zahanati, za shule, za ofisi ya kijiji na za idara mbalimbali za serikali. Kila moja ya habari hizo yaweza leo kurushwa ulimwenguni kwa kubonyeza kidole mara moja, na ikisharushwa hairudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Maoni yetu ni kwamba habari za mwananchi ni mali yake. Karani, mganga, wakala au mkubwa wa kampuni anayezipokea hakuzawadiwa. Amewekeshwa kwa kazi maalumu, na kwa lugha yetu kitu kilichowekwa hivyo huitwa amana. Mwenye kuila amana ni mwizi, hata kama hakugusa senti moja.

Wapo watakaosema kwamba faragha ni anasa ya watu wa Ulaya, na kwamba Mwafrika huishi uwanjani. Maneno hayo hayana msingi. Katika nchi hii hata kibanda cha mvuvi, ambacho mlango wake ni kipande cha turubai, hakiingiwi bila hodi. Mgeni husimama nje, hubisha, na akiitikiwa ndipo huingia. Asipoitikiwa mara ya tatu hurudi alikotoka. Hakuna aliyepata kumwuliza mwenye nyumba anaficha nini hata abishiwe hodi. Heshima hiyo tumeikuta kwa wazee na tumefunzwa katika madarasa ya dini zetu zote. Kinachotakiwa leo ni kuipeleka hodi hiyo hadi kwenye simu na kwenye kabati la majalada.

Tunafahamu pia kwamba taifa letu limejengwa juu ya kujuana. Balozi wa nyumba kumi alitakiwa kuwafahamu watu wake, wageni wao na shida zao, na utaratibu huo ulikuwa na manufaa makubwa katika mkoa wa mpakani kama huu wetu, mkoa ulioonja uvamizi wa majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Lakini habari alizokuwa nazo balozi zilikaa katika kichwa cha mtu mmoja anayejulikana, ambaye majirani nao walijua ya kwake, na ambaye akizitoa nje bila sababu aliitwa barazani akajieleza. Habari zilizomo katika mtandao wa intaneti hazina balozi. Hazisahauliki, hazichakai, huigwa mara elfu bila mwenyewe kujua, na anayezisoma yuko mahali ambapo baraza letu haliwezi kumwita.

Wala hatusemi kwamba watu wasiandikishwe. Mkoa huu unajua gharama ya kutoandika. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei, 1996, karibu na Mwanza, mamia ya ndugu zetu walipotea, na kwa kuwa hapakuwa na orodha kamili ya abiria, ziko familia zilizobaki zikiuliza bila kujibiwa. Orodha sahihi ya abiria, rejesta ya wagonjwa, daftari la wavuvi na kitambulisho cha taifa ni vyombo vya kumhudumia mwananchi. Tunachodai ni kwamba chombo cha kumhudumia kisigeuzwe kuwa chombo cha kumwumbua.

Hoja inayorudiwa mara nyingi zaidi, tena na watu wenye madaraka, ni kwamba asiye na kosa hana la kuogopa. Historia ya Kagera yenyewe inaikanusha hoja hiyo, na inafaa tukumbushane.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa katika mkoa huu. Wale walioishi hapa miaka ile wanakumbuka jinsi ugonjwa ule ulivyoitwa Juliana, na jinsi aliyekonda alivyonyooshewa vidole hata na watoto. Mgonjwa yule hakuwa na kosa, lakini alikuwa na mengi ya kuogopa: kufukuzwa kazi, kuachwa na mchumba, kunyimwa shamba la marehemu. Wengi waliikwepa hospitali wakihofu kwamba majibu yao yatafika sokoni kabla wao hawajafika nyumbani. Ilihitajika miaka mingi ya kazi ngumu ya wauguzi na washauri nasaha hata watu wakaanza kuamini kwamba linalosemwa katika chumba cha ushauri hubaki humo. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ikaiweka siri ya mpimwaji chini ya ulinzi. Imani iliyojengwa kwa miaka ishirini na zaidi yaweza kubomolewa na picha moja ya kadi ya kliniki ikitupwa katika kundi la WhatsApp.

Watumishi wengine hujitetea kwa methali isemayo kwamba mficha maradhi kifo humfichua. Methali hiyo ni ya kweli, lakini inamwelekeza mgonjwa kwa tabibu, haimwelekezi tabibu sokoni. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka katika Wilaya ya Bukoba. Watu tisa waliugua na sita kati yao walifariki kabla ugonjwa haujatangazwa kwisha mwanzoni mwa Juni. Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo, na wagonjwa wote kumi waliohesabiwa walifariki. Maradhi ya namna hiyo hudhibitiwa kwa njia ya kumfuatilia kila aliyekutana na mgonjwa. Mwananchi hutakiwa kueleza amelala wapi, amekula na nani, ameosha maiti ya nani. Atayasema hayo kwa mtumishi anayemwamini. Akishuku kwamba jina lake litasambazwa usiku huo huo, atanyamaza, na ugonjwa utavuka naye katika mtumbwi kwenda kisiwa kingine. Hapo ndipo viongozi wetu wanapopaswa kuona kwamba kutunza siri ya mtu mmoja ni kinga ya wilaya nzima.

Funzo la pili lilituingilia kwa njia ya mto. Katika miaka ya 1930 wakoloni wa Kibelgiji waliwaandikia Wanyarwanda kabila katika vitambulisho. Lilikuwa neno moja tu katika kadi, na kwa miaka mingi kadi ile ilionekana kuwa karatasi ya kawaida ya ofisini. Mwaka 1994 wauaji waliosimama katika vizuizi vya barabarani waliitaka kadi hiyo, na neno lile likaamua nani apite na nani auawe. Mto Kagera ukabeba maiti hadi katika ziwa letu, na mwishoni mwa Aprili mwaka huo maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wakavuka Rusumo kuingia Ngara. Waliouawa hawakuwa na kosa. Basi mtu anayekusanya habari za watu asijiulize tu kama yeye mwenyewe ana nia njema. Ajiulize pia daftari hilo litakuwa mikononi mwa nani miaka ishirini ijayo.

Hata kabla ya hapo, majirani zetu wa Kenya walivishwa na serikali ya Kiingereza kipande chenye alama za vidole, kikiwa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni, ili kibarua asiweze kumkimbia bwana wake. Madhumuni yalikuwa kumjua Mwafrika ili atumikishwe. Serikali huru humjua mwananchi ili imhudumie, na tofauti ya hizo mbili haionekani katika fomu. Huonekana katika jinsi fomu inavyotunzwa.

Tukirudi katika mialo yetu ya leo, tunawaona maadui wanne wa faragha ambao kila mwananchi hana budi kuwatambua.

Adui wa kwanza ni msajili wa laini asiye mwaminifu. Tangu mwaka 2019 laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya Kitambulisho cha Taifa. Utaratibu huo uliwekwa ili kuwabana wahalifu. Lakini matapeli nao hawakulala. Msajili anayepita mwaloni na mashine yake humwambia mvuvi kwamba kidole hakijakubali, aweke tena, na tena. Mvuvi, ambaye ngozi ya vidole vyake imesuguliwa na kamba za nyavu, huona jambo hilo ni la kawaida. Kumbe kidole kilikubali mara ya kwanza, na mara ya pili imesajiliwa laini nyingine kwa jina lake, ambayo itauzwa kwa mwizi wa mjini. Siku laini hiyo ikitumika kumwibia mtu, jina litakalosomwa na polisi ni la mvuvi wa Goziba. Dawa yake ipo, nayo haina gharama: mwananchi akibonyeza *106# ataona ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba ya kitambulisho chake. Akikuta asiyoitambua, aende kwa kampuni husika ikafungwe. Ujumbe wa matapeli, ule wa kumtaka mtu atume fedha kwa namba asiyoijua, upelekwe kwa namba 15040 iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Adui wa pili ni mazoea. Visiwani wako wananchi wengi wasiosoma herufi ndogo za simu, na hao humpa wakala au kijana wa jirani simu nzima pamoja na namba ya siri, wakisema, "Nitolee, mwanangu." Wakala wengi ni waaminifu na tunawaheshimu. Lakini namba ya siri ikishajulikana na watu wawili si ya siri tena, na fedha zikipotea urafiki nao hupotea. Vilevile madaftari ya wakala, yenye majina, namba na kiasi cha fedha cha kila mteja, hukaa wazi juu ya meza, na anayesubiri zamu yake huyasoma kama gazeti. Katika kambi ambamo wizi wa usiku haujakoma, kuandika hadharani kwamba fulani ametoa fedha nyingi leo ni sawa na kumwelekeza mwizi mlango.

Adui wa tatu ni mikopo ya mtandaoni. Wananchi wenyewe wameipa mikopo ya riba za kutisha jina la kausha damu, na jina hilo latosha. Wakati wa mbalamwezi dagaa hawavuliki vizuri, na mvuvi hukaa siku nyingi bila pato. Katika siku hizo ndipo tangazo humfikia likimwahidi mkopo usio na dhamana, fedha mkononi kwa dakika chache. Kwa kweli dhamana ipo. Programu ile ikishaingizwa katika simu huomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote zilizomo, na mwenye shida hukubali bila kusoma. Akichelewa kulipa, ujumbe huanza kumiminika kwa mkwewe, kwa mwalimu wa mtoto wake, kwa shehe au padri wake na kwa tajiri wa mtumbwi, ukimwita tapeli. Hivyo mkopaji ameweka rehani heshima yake, na pamoja nayo utulivu wa jamaa wote ambao hawakukopa hata shilingi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Benki Kuu ya Tanzania iliona hatari hiyo. Mwaka 2024 ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kwa njia ya kidijitali, na mwezi Novemba mwaka huo ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hatua hiyo tuliipongeza na bado tunaipongeza. Hata hivyo programu iliyofungwa kwa jina moja huweza kurudi kwa jina lingine, na orodha ya Benki Kuu haitamfaa mvuvi wa Ikuza kama hakuna mtu wa kumsomea. Huo ni wajibu wa maofisa wa maendeleo ya jamii.

Pamoja na mikopo, wako wanaonunua siri za mwili wa mtu. Kati ya mwaka 2022 na 2023 huko Nairobi watu wengi walipiga foleni wapigwe picha za mboni za macho na kampuni ya Worldcoin, kwa malipo yaliyofikia kiasi cha shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ya Kenya ilisimamisha kazi hiyo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru habari zilizokusanywa zifutwe. Namba ya siri ikiibiwa hubadilishwa. Jicho na kidole havibadilishwi. Tunawasihi vijana wa Bukoba na Muleba wasije wakakubali biashara ya namna hiyo ikivuka mpaka.

Adui wa nne ni uroho wa kupiga picha. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba, 2022, wananchi, wakiwamo wavuvi, walifanya kazi ya kishujaa ya kuokoa, na watu 24 kati ya 43 waliokuwamo walipona. Hiyo ni sifa ya mkoa huu. Lakini katika kila msiba mkubwa wapo pia wanaonyanyua simu badala ya kunyanyua majeruhi. Mama asipate habari za kifo cha mwanawe kwa kuiona maiti yake katika kioo cha simu ya jirani. Na watoto wetu, ambao hawajafikia umri wa kuamua, wasitangazwe majina, sura na shule zao ili mradi mfadhili afurahi. Huko Kenya, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Majirani wameanza kuchukua hatua, na sisi hatuna sababu ya kubaki nyuma.

Hatuna sababu kwa kuwa sheria tunazo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 16 iliyotokana na marekebisho ya mwaka 1984, inaulinda utu wa kila mmoja wetu, familia yake, nyumba yake na mawasiliano yake. Bunge likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Kwa mujibu wa sheria hiyo, anayekusanya habari za watu hana budi kujisajili kwa Tume, kueleza anazitakia nini, kuchukua zile tu zinazohitajika, kuzitunza kwa usalama na kutozitoa kwa mwingine pasipo idhini au amri ya sheria. Mwananchi naye ana haki ya kujua ni habari gani zake zinashikwa, kutaka makosa yasahihishwe, kukataa zisitumiwe kumpigia matangazo ya biashara, na kulalamika mbele ya Tume. Anayevunja sheria hiyo aweza kutozwa faini au kufungwa.

Na tuseme wazi kwamba sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya makampuni peke yake. Inazibana pia ofisi za umma. Mtumishi anayeangalia jalada la mtu kwa sababu tu anataka kujua mambo ya hawara wake amevunja amana. Askari anayemnyang'anya kijana simu njiani na kuanza kusoma ujumbe wake, pasipo utaratibu wa sheria, ameingia nyumba bila hodi. Usalama wa taifa ni jambo zito, na upelelezi wa wahalifu sharti uwepo. Lakini uwe na amri inayojulikana, sababu inayoelezeka na mpaka usiovukwa. Dola inayochungulia ovyo huwafanya raia wema waifiche, na dola iliyofichwa na raia wema haiwezi kuwakamata waovu.

Tunawaomba viongozi wa halmashauri, watendaji wa kata na vijiji, waganga wakuu na walimu wakuu wayatazame mambo yafuatayo bila kungoja waraka kutoka Dodoma.

Kwanza, wakome kutumia makundi ya WhatsApp kama masjala. Orodha ya wanufaika wa misaada, majina ya wanafunzi wajawazito, majibu ya vipimo na nakala za vitambulisho havina mahali katika kundi la watu mia mbili ambalo nusu yao wamekwisha kuhama wilaya. Pili, wapunguze kiu ya nakala. Mwananchi wa kisiwani hulipa nauli ya mtumbwi hadi Kemondo, akafika ofisini na kuombwa nakala ya kitambulisho ambayo ofisi hiyo hiyo iliichukua mwaka jana. Tatu, karatasi zilizokwisha kazi zichomwe. Sisi wenyewe tumepata kununua karanga stendi, tukafungua kikaratasi, tukakuta fomu yenye jina, umri na namba ya kitambulisho ya mtu tusiyemjua. Nne, kila ofisi imteue mtumishi mmoja wa kujibu maswali ya wananchi juu ya kumbukumbu zao, na jina la cheo chake libandikwe mlangoni. Tano, vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi katika mialo, ambavyo huandikisha wavuvi na vyombo, vipewe mafunzo na sanduku lenye kufuli. Haifai madaftari ya watu wote wa kisiwa yalale chini ya kitanda cha katibu.

Kwa ndugu zetu wa visiwani, maneno yetu ni machache. Namba yako ya siri usimpe mtu ye yote, hata akijitambulisha kuwa ofisa wa kampuni ya simu. Ofisa wa kweli haiombi. Usiweke kidole mara ya pili bila kuelezwa sababu, na baada ya kusajili hakikisha kwa *106#. Kabla ya kuingiza programu katika simu, tazama inaomba nini: programu ya tochi haina kazi na majina ya jamaa zako, na ya mkopo haina kazi na picha za mkeo. Simu ifungwe kwa neno la siri ambalo si mwaka wako wa kuzaliwa. Ukitaka kuiuza simu au kuipeleka kwa fundi, ondoa kwanza laini na ufute yaliyomo. Picha ya mtu usiitume mpaka umemwuliza, na ya maiti usiitume kabisa. Aliye na elimu kidogo zaidi amfundishe asiyenayo, kama ilivyokuwa katika madarasa ya elimu ya watu wazima, ambapo aliyejua kusoma alihesabu kuwa ni deni lake kumfundisha mwenziwe.

Mikutano mikuu ya vijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Tunapendekeza kwamba katika mkutano ujao, kila kijiji cha Bukoba na Muleba, cha bara na cha kisiwani, kiliweke jambo hili katika ajenda, na mtendaji ayajibu mbele ya wananchi maswali matatu: ofisi ina habari gani za watu, zimewekwa wapi, na nani ana ruhusa ya kuzisoma. Mtendaji mwenye majibu atakuwa ametimiza wajibu wake. Asiye na majibu apewe miezi mitatu ya kuyatafuta, na mkutano unaofuata umwulize tena.